Antena ya Nje ya Vijiti: Tathmini ya Kifaa, Waya Wake na Mlingoti Wake

Antena ninayoitathmini hapa ni ya vijiti vya alumini vilivyopangwa juu ya bomba moja refu la mraba, nayo hufungwa nje ya nyumba ili kupokea matangazo ya televisheni ya dijitali yanayorushwa na minara ya nchi kavu. Huuzwa ndani ya boksi moja pamoja na busta (kifaa cha umeme cha kukuza mawimbi), kipande cha waya, vishikizi vya kuifungia kwenye mlingoti na karatasi ya maelekezo. Hukumu yangu naitoa mapema: antena yenyewe ni nzuri na inastahili kununuliwa, lakini waya na busta vilivyowekwa pamoja nayo havilingani nayo hata kidogo, na mtu akivitumia kama vilivyo ataishia kuilaumu antena kwa kosa lisilo lake.

Umbo hili si geni. Lilibuniwa Japani katika miaka ya 1920 na Shintaro Uda pamoja na Hidetsugu Yagi katika Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tohoku, na mafundi wengi huliita Yagi kwa kifupi, ingawa kazi ya Uda ndani yake ilikuwa kubwa mno kiasi kwamba si haki jina lake kuachwa. Kati ya vijiti vyote kuna kimoja tu kilichounganishwa na waya, kile kilichokunjwa na kuingia kwenye kijisanduku cha plastiki. Nyuma yake kuna kijiti kirefu kidogo kuliko hicho, au mara nyingine wavu wa vijiti kadhaa, ambao huyarudisha mbele mawimbi yaliyokwisha kupita; na mbele yake vimepangwa vijiti vifupi zaidi, vinavyoyaongoza mawimbi yaelekee kwenye kile kinachopokea. Hivyo vya mbele na vya nyuma havina waya wowote, na mtu asidhani kiwanda kimesahau kuviunganisha. Kwa mpangilio huo antena husikia vizuri sana upande mmoja na kuziba masikio pande nyingine, jambo lenye faida mbili: huongeza nguvu ya mawimbi tunayoyataka, na hupunguza yale yanayorudi kwa kugonga vilima, majengo na mapaa ya bati, ambayo huvuruga picha hata pale ambapo nguvu ni ya kutosha.

Ubora wa utengenezaji umeniridhisha. Alumini ni nene vya kutosha kutopinda kwa mkono, vijiti vinaingia kwenye vishikio vyake bila kuchezacheza, na kijisanduku cha waya kina mfuniko unaobana pamoja na tundu dogo upande wa chini la kutolea unyevu, kitu ambacho antena nyingi za bei ya chini hazina. Kasoro pekee ya umbo ni vishikizi vya mlingoti, kwa kuwa bolti zake ni za chuma kilichopakwa tabaka jembamba la zinki, nazo zitashika kutu mapema kuliko kitu kingine chochote. Ningemshauri mnunuzi azibadilishe kwa bolti za chuma kisichoshika kutu kabla ya kupanda juu, au angalau azipake grisi, kwa maana siku atakapotaka kuigeuza antena atakuta nati zimegandamana.

Maandishi ya juu ya boksi ni habari nyingine, na hapo nina mengi ya kusema kwa sababu ndiyo yanayomwongoza mnunuzi dukani. Yanadai kwamba antena ni ya dijitali, kwamba inafika kilomita 200, na kwamba ukuzaji wake, yaani kiasi inachoongeza nguvu ya mawimbi, ni desibeli 38. Dai la kwanza halina uzito wowote. Antena hupokea mawimbi ya redio ya masafa fulani (hapa masafa ni kasi ya kutetemeka kwa wimbi, ipimwayo kwa megahezi, wala si umbali), na haijui wala haihitaji kujua kama ndani ya mawimbi hayo kuna picha ya analojia au ya dijitali; kazi ya kuyafasiri ni ya king'amuzi au ya televisheni yenyewe. Aliye na antena nzima ya zamani ya UHF, sehemu ya masafa inayotumiwa sana na televisheni, juu ya paa hana sababu ya kuishusha eti kwa kuwa si ya dijitali. Akiangalia waya wake na kuuona umechakaa, aubadilishe waya huo, na huenda asihitaji kununua kitu kingine.

Dai la kilomita 200 linakwamishwa na umbo la dunia. Mawimbi ya UHF husafiri karibu katika mstari ulionyooka, yakijipinda kidogo tu kuifuata ardhi, na kwa hiyo kuna upeo ambao baada yake mnara hufichwa na mviringo wa dunia. Upeo huo unakadiriwa hivi: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa mnara kwa mita, ujumlishe na kipeuo cha pili cha urefu wa antena yako, kisha uzidishe kwa 4.12, nawe utapata kilomita. Mnara wa mita 150 na antena iliyo mita 9 kutoka ardhini hukupa karibu kilomita 63. Mnara ukiwa juu ya mlima, kiasi kwamba kilele chake kinapita nchi inayouzunguka kwa mita 600, hesabu hiyohiyo inafika karibu kilomita 113. Hapo bado hatujatia vilima vilivyo katikati, misitu wala majengo. Ni kweli kwamba katika hali fulani za hewa mawimbi hufika mbali kuliko upeo huo, lakini hakuna anayeweza kutegemea hali ya hewa ili atazame taarifa ya habari kila jioni.

Na desibeli 38? Kila desibeli 3 huzidisha nguvu mara mbili, na kila desibeli 10 huizidisha mara kumi, kwa hiyo tarakimu hii si ya kupitwa kwa haraka. Antena ya vijiti ambayo bomba lake lina urefu wa zaidi kidogo ya mita moja, kama hii, huongeza kwa kweli desibeli 10 hadi 12 hivi katika masafa ya UHF. Kuzidisha urefu wa bomba mara mbili huongeza desibeli 2 au 3 tu, na ndiyo maana hakuna antena ya vijiti ya kubebwa mkononi inayoweza kufika 38. Kilichofanyika ni kwamba ukuzaji wa busta umejumlishwa na wa antena, kisha jumla ikaandikwa kana kwamba ni ya antena peke yake. Hivi ni vitu viwili tofauti kabisa, kwa sababu ongezeko la antena hukusanya mawimbi zaidi na kuyakataa yasiyotakiwa, ilhali busta hukuza kila kinachoingia, mema na mabaya pamoja.

Kipimo ambacho boksi lingepaswa kukitaja kwa herufi kubwa ni masafa. Katika sehemu kubwa ya Afrika na Ulaya, televisheni ya dijitali ya minara sasa imetengewa UHF kuanzia megahezi 470 hadi 694, yaani chaneli ya 21 hadi ya 48, kila moja ikiwa na upana wa megahezi 8. Nchini Marekani UHF ya televisheni inakomea megahezi 608, na vituo kadhaa vya huko bado hutumia VHF, yaani masafa ya chini zaidi, ambayo huhitaji vijiti virefu zaidi. Antena za miundo ya zamani zilitengenezwa zifike megahezi 862, na antena ya aina ya Yagi kwa kawaida huwa na nguvu zaidi karibu na mwisho wa juu wa masafa yake. Kwa hiyo ile ya 862 hulegea kwenye chaneli za chini tunazozihitaji, na papo hapo huzoa mawimbi ya simu za mkononi yaliyochukua nafasi ya juu ya 694. Niliyonayo imeandikwa megahezi 470 hadi 694 kwenye karatasi yake ya ndani, na hilo kwangu lina thamani kuliko maneno yote ya nje. Hata pasipokuwa na karatasi, rula inaweza kusaidia. Wimbi la megahezi 470 lina urefu wa sentimita 64 na la megahezi 694 lina sentimita 43, na kijiti kinachopokea hukaribia nusu ya wimbi, basi urefu wake unapaswa kuangukia kati ya sentimita 22 na 32 hivi.

Kuhusu miundo mingine inayoshindana na huu nitasema kwa kifupi. Antena bapa yenye wavu nyuma na vijiti vilivyochanuka mbele hupokea eneo pana kidogo zaidi na ni chaguo zuri pale minara ilipo katika pande zinazokaribiana. Antena ambayo vijiti vyake hupungua urefu taratibu kutoka nyuma hadi mbele, vyote vikiwa vimeunganishwa, ina ongezeko dogo lakini lililo sawa katika masafa yote, na huzuia vizuri mawimbi ya nyuma. Kwa aliye karibu na mnara, ningeichagua hiyo kabla ya Yagi. Zile za duara zinazodai kupokea pande zote bila kuelekezwa zinafaa kwenye magari na mashua, lakini juu ya paa hazina sababu ya kuwapo. Za kuzungushwa kwa mota na rimoti nazikataa moja kwa moja, kwa kuwa mota ndicho kitu cha kwanza kuharibika na mnara hauhami.

Sasa waya. Uliomo ndani ya boksi ni mwembamba, wenye nyuzi chache za kukinga zilizosukwa kwa mbali hivi kwamba plastiki nyeupe ya ndani inaonekana kati yake. Waya wa antena ya televisheni unapaswa kuwa wa omu 75, na kwa matumizi ya nje ule wa kiwango cha RG6, wenye karatasi ya alumini pamoja na nyuzi za kusuka juu yake, ndio wa kutafuta. Hata huo hupoteza karibu desibeli 16 hadi 18 kwa kila mita 100 kwenye masafa haya, maana yake mita 20 hula zaidi ya nusu ya nguvu iliyokusanywa juu ya paa. Waya mwembamba hula zaidi, na kinga yake hafifu hufanya waya wenyewe uanze kupokea kelele za taa, chaja na mota za nyumbani. Inaniuma kuona mtu aliyelipia antena nzuri akiinyang'anya nusu ya kazi yake kwa waya wa mkato. Upimwe urefu unaotosha kufika kwa njia fupi, usiachwe umeviringwa nyuma ya televisheni, usiunganishwe katikati kwa kusokota na kuzungushia utepe, na usikunjwe kwa pembe kali. Wa kufunga nje uwe na ganda jeusi, maana jeupe hupasukapasuka kwa jua.

Busta nayo ina kanuni moja inayopuuzwa mara nyingi. Busta haiwezi kurejesha kilichopotea. Inaweza tu kukuza kilichoifikia, na huongeza kelele yake yenyewe juu yake. Kwa hiyo mahali pake ni juu kwenye mlingoti, chini kidogo ya antena, kabla mawimbi hayajadhoofishwa na waya, ikipewa umeme wake kupitia waya uleule. Ile iliyomo kwenye boksi hili imeundwa kukaa ndani ya nyumba nyuma ya televisheni, mahali ambapo hukuza mawimbi yaliyokwisha kudhoofika pamoja na uchafu wote uliokusanywa njiani, na karatasi yake haitaji kiwango cha kelele kabisa. Busta nzuri ya mlingotini hutaja kiwango hicho, nacho huwa desibeli 1 hadi 3, na ina kichujio cha kuzuia mawimbi ya simu. Kabla ya kuinunua, mtu ahakikishe inahitaji volti ngapi: ving'amuzi vingi hutoa volti 5 kwenye tundu la antena pale mpangilio huo unapowashwa, lakini busta nyingi za mlingotini hutaka volti 12 au 24 kutoka kwenye kifaa chake cha kutoa umeme. Na aliye karibu na mnara asiifunge kabisa, kwani mawimbi yenye nguvu kupita kiasi huilemea, chaneli zikaanza kupotea moja baada ya nyingine huku kipimo cha nguvu kikionyesha kimejaa.

Kufunga antena huanzia chini, kabla ya ngazi kusimamishwa. Kwanza ijulikane mnara uko upande gani, kwa ramani na dira ya simu, na iangaliwe antena za majirani zenye picha nzuri zimeelekea wapi na zimelala au zimesimama. Hilo la mwisho lina uzito mkubwa. Vituo vingi hurusha mawimbi yaliyolala, na vijiti vya antena vinapaswa kulala sambamba na ardhi. Vingine hurusha yaliyosimama, na hapo antena nzima huzungushwa robo ya mzunguko ili vijiti visimame wima. Kukosea kunaweza kupoteza hata desibeli 20, yaani kubaki na sehemu moja tu katika mia, na hakuna busta itakayoziba pengo hilo.

Mahali pa mlingoti pachaguliwe kwa kutazama njia ya kuelekea mnara, wala si kwa urahisi wa kufunga peke yake. Miti iliyo mbele ya antena ni kizuizi cha kweli kwa UHF, na majani yakiwa na maji ya mvua hali huwa mbaya zaidi, kiasi kwamba picha iliyokuwa safi wakati wa ukavu inaweza kuanza kuganda msimu wa mvua bila kitu chochote kuharibika. Kupandisha antena mita mbili au tatu juu ya paa mara nyingi huleta faida kuliko kununua antena kubwa zaidi. Ikae angalau mita moja kutoka kwenye bati na kutoka kwenye antena nyingine yoyote. Wakati mwingine kuisogeza hatua mbili pembeni kwenye paa lilelile hubadilisha hali kabisa, kwa sababu mawimbi yanayogonga vitu na kurudi hukutana na yale ya moja kwa moja, mahali pengine yakaongezeana na mahali pengine yakafutana.

Kuelekeza kunataka watu wawili na subira. Enzi za analojia picha ilijaa chenga na mtu aliweza kuona inavyosafika taratibu antena ikigeuzwa. Picha ya dijitali hubaki safi mpaka ukingoni, kisha hugandaganda, huvunjika vipande na kupotea ghafla. Kwa hiyo picha nzuri haithibitishi kwamba antena imekaa sawa, maana inaweza kuwa imebakiza kidogo tu itumbukie. Tumia ukurasa wa king'amuzi unaoonyesha mistari miwili, nguvu ya mawimbi na ubora wa mawimbi, na kati ya hiyo miwili ufuate ubora. Geuza antena kidogo, ngoja sekunde chache kwa sababu mistari huchelewa kusogea, kisha geuza tena. Ipitishe antena hadi ubora uanze kushuka upande mmoja, uirudishe hadi ushuke upande wa pili, na uikazie katikati ya alama hizo mbili. Jaribu hivyo kwa chaneli dhaifu kuliko zote, kwani ile yenye nguvu itakuridhisha hata antena ikiwa imekaa kombo, halafu ndipo utafute chaneli zote upya.

Juu ya usalama sitakubali mjadala. Mlingoti usisimamishwe mahali ambapo ukianguka unaweza kugusa nyaya za umeme, na kipimo cha umbali huo ni urefu wote wa mlingoti pamoja na antena, na nafasi ya ziada. Kazi isifanywe wakati wa upepo au mawingu ya radi. Mlingoti wa chuma uunganishwe na mfumo wa kutuliza umeme ardhini wa nyumba kwa waya mnene wa shaba, na kazi hiyo ifanywe na fundi umeme anayeijua. Hautaizuia radi inayopiga moja kwa moja, lakini waya huo unaondoa chaji inayojikusanya kwenye mlingoti na kupunguza madhara ya radi iliyopiga jirani. Hata hivyo, ngurumo zikianza, chomoa waya wa antena pamoja na wa umeme.

Yamebaki mambo madogo ya kumalizia. Waya ufungwe kwenye mlingoti kila nusu mita ili upepo usiupige, na kabla ya kuingia ukutani uachwe uning'inie kidogo kwenda chini ili maji ya mvua yadondokee pale badala ya kuufuata hadi ndani. Konekta za nje zifunikwe kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe, kwa kuwa maji yakishaingia ndani ya waya hayatoki, na dalili yake ni ubora unaoshuka mwezi hadi mwezi pasipo sababu inayoonekana.

Aliye na televisheni mbili atahitaji kigawanyishi, nacho kile cha matundu mawili hupunguza desibeli 3.5 hadi 4 kwa kila tundu. Ikiwa ubora ulikuwa umebakiza nafasi ya kutosha, hasara hiyo haitaonekana. Ikiwa haukubakiza, hapo ndipo busta ya mlingotini inapopata kazi yake halali, ikikaa kabla ya kigawanyishi, na kigawanyishi chenyewe kiwe cha aina inayopitisha umeme wa busta kwenye tundu moja tu, ambalo ndilo litakaloungwa na kifaa kinachoutoa.